Reli za Mji na Jicho la Mtembezi

Kutembea kwa miguu ni elimu ya kale kuliko vitabu. Apitaye mjini ndani ya gari hupewa mwanzo wa safari yake na mwisho wake, na katikati hupewa migongo ya magari mengine. Aendaye kwa miguu hupewa katikati yote: harufu ya mahali, sauti za watu, ufa wa ukuta, na mti uliokatwa jana. Miongoni mwa watembezi wa namna hii wako wachache waliochagua jambo moja la kulitazama kuliko mengine, nalo ni reli. Hawa huchukua kamera wakaifuata njia ya chuma inapopita nyuma ya nyumba za watu, chini ya madaraja na kando ya masoko, wakapiga picha za treni, za stesheni, za mataruma, na za watu wangojao. Kwa asiyeizoea, kazi hiyo ni kichekesho. Treni hupita kila siku. Ina haja gani ya kupigwa picha? Swali hili si la dharau. Ni swali la haki, nalo lastahili jibu.

Sehemu ya kwanza ya jibu imo katika historia. Reli na picha ni watoto wa zama moja. Mwaka 1830 ilifunguliwa huko Uingereza reli ya Liverpool na Manchester, ya kwanza kuiunganisha miji miwili mikubwa kwa treni za mvuke zenye kuchukua abiria. Mwaka 1839 ulitangazwa mjini Paris ufundi wa Louis Daguerre wa kunasa sura ya vitu kwa mwanga juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Mkubwa alimtangulia mdogo kwa miaka tisa tu. Wote wawili walishindana na wakati: mmoja aliufupisha, wa pili aliusimamisha.

Lakini ndugu hawa hawakupatana tangu mwanzo. Mwaka 1838, Daguerre alielekeza chombo chake dirishani, juu ya barabara moja kubwa ya Paris iliyojaa magari ya farasi na watu. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa kushika sura. Ilipotoka, picha ilionyesha nyumba, miti na barabara tupu. Farasi wote walitoweka, na magari yote, na umati wote, kwa kuwa hawakutulia mahali pamoja. Katika barabara ile alionekana mtu mmoja aliyesimama kusafishwa viatu, akabaki hata leo. Waliokwenda mbio walifutika; aliyetulia akaandikwa. Treni yenye mwendo isingaliweza kuonekana katika picha za siku zile. Ingalipita kama pepo: yenyewe isionekane, na reli zibaki.

Leo kamera zina wepesi wa ajabu, lakini shindano halijakwisha. Treni iendayo kilomita 160 kwa saa hupita mita 44 katika nukta moja. Jicho la kamera likifunguka kwa sehemu moja ya 60 ya nukta, treni huwa imekwisha kusogea karibu sentimita 74, na katika picha huwa ukungu mrefu. Likifunguka kwa sehemu moja ya 1,000, treni huwa imesogea kiasi cha sentimita nne na nusu tu, na picha hutoka safi. Hapo mtembezi hugundua jambo ambalo hakuna fundi aliyemwambia: treni iliyogandishwa kabisa haina tofauti na treni iliyoharibika njiani. Usafi wote umepatikana, na mwendo wote umepotea. Basi hujifunza kuigeuza kamera pamoja na treni, shingo na mikono ikienda kwa kipimo kimoja, ili treni ionekane wazi na mji nyuma yake utiririke kama maji. Akitaka kinyume chake, huituliza kamera, mji ukaonekana wazi na treni ikawa moshi wa rangi. Hawezi kupata yote mawili kwa ukamilifu. Kila picha ya treni ni hukumu ndogo juu ya nani atakayeonekana na nani atakayefutika. Hukumu hiyo, iliyo ndogo katika ufundi, huwa kubwa ifikapo kwa watu.

Kwa hukumu za namna hii, Dar es Salaam ni darasa ambalo miji mingi haina. Ndani ya mji huu mmoja ziko reli za vipimo vitatu. Ya kwanza ni Reli ya Kati. Wadachi walianza kuijenga kutoka pwani mwaka 1905; ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, katika mwaka ule ule ambao vita kuu ilianza. Upana wake, kutoka chuma hata chuma, ni milimita 1,000. Ya pili ni reli ya TAZARA, iliyojengwa na Tanzania na Zambia kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ili shaba ya Zambia ipate njia ya baharini isiyopita katika mikono ya serikali za walowezi wa kusini. Upana wake ni milimita 1,067. Ya tatu ni reli ya kisasa ya umeme, ambayo treni zake zilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, kisha zikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo. Upana wake ni milimita 1,435.

Tofauti baina ya ya kwanza na ya pili ni milimita 67, yaani karibu upana wa vidole vinne vya mkono. Kwa ajili ya vidole vinne hivyo behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine, na mzigo utokao huku kwenda kule hauna budi kushushwa na kupakiwa tena, au behewa lenyewe libadilishwe magurudumu. Ndani ya vidole hivyo imelala siasa ya karne nzima: Wadachi walikata kipimo chao, Waingereza wa kusini mwa Afrika walikata chao, na nchi huru zilipotaka kushikana mikono zilikuta mikono yenyewe imekatwa vipimo mbalimbali. Kitabu chaweza kueleza haya kwa kurasa nyingi. Mtembezi huyaeleza kwa picha tatu, kila moja imepigwa kwa kuinama, kipande cha kamba kimelazwa juu ya reli kama kipimo. Lakini huzipiga mahali panaporuhusiwa kuvukwa na miguu, kwa kuwa hakuna picha yenye thamani ya mguu wa mtu, sembuse uhai wake. Na nyaya za reli ya tatu huchukua umeme wa volti 25,000, ambao hausubiri kuguswa ili uue.

Aanzaye matembezi yake penye Stesheni huona zama mbili zikitazamana. Upande mmoja lipo jengo la zamani la Reli ya Kati, fupi, lenye kuta nene, lililojengwa kwa kulihofu jua. Upande wa pili limeinuka jengo la reli ya umeme, lenye pembe na vioo, lililojengwa kwa kulikaribisha jua lile lile. Kutoka hapo reli mpya haigusi ardhi. Huenda juu ya daraja refu la zaidi ya kilomita mbili, ikipita juu ya shughuli za mji. Abiria aliye juu huona mabati ya nyumba. Mtembezi aliye chini huona nguzo, na kivuli cha nguzo, na watu waliokwisha kukizoea kivuli kabla hawajaizoea treni. Reli ya zamani huenda chini pamoja na watu: hupita Kamata na Buguruni, hukatizwa na njia za miguu, huanikiwa nguo kando yake. Mbele zaidi, katika makutano ya barabara ya Nyerere na barabara ya Mandela, husimama stesheni ya TAZARA, pana na yenye ukumbi wa juu, iliyojengwa kwa matumaini ya umati mkubwa.

Watu wa mji nao wana picha zao, ingawa hawana kamera: huzipiga kwa maneno. Mwaka 2012 zilipoanza safari za treni za kuwachukua wafanyakazi asubuhi na jioni ndani ya mji, watu waliziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Treni ya umeme yenye pua iliyochongoka waliiita mchongoko hata kabla wengi wao hawajaipanda. Na jina la kale kuliko hayo, gari la moshi, limekataa kufa. Mvuke umekwisha zamani, ukaja mtambo wa dizeli. Dizeli nayo imepata mpinzani wa umeme asiyetoa moshi hata kidogo. Na bado mzee husema kwamba anakwenda kupanda gari la moshi. Hakosei. Neno lake ni picha iliyopigwa na babu zake siku ile chombo kilipopita mara ya kwanza. Moshi umekwenda, na neno lingali limeushika.

Lakini neno haliwezi kushika kila kitu, na hapa ndipo swali la kwanza linapopata uzito. Unguja ilikuwa na reli. Sultani Barghash alitandika reli ndogo kutoka mjini kwenda Chukwani mwaka 1879. Mabehewa yake yalivutwa kwanza na nyumbu, kisha na mtambo mdogo wa mvuke. Alipokufa mwaka 1888, reli ile ilikufa pamoja naye. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli nyingine, ya maili saba, kutoka mjini karibu na Ngome Kongwe hata Bububu. Treni yake ilipita katika vichochoro vyembamba kiasi cha mtu wa dirishani kuweza kupeana mkono na mtu wa behewani. Mwaka 1922 iliacha kuchukua abiria, na baadaye vyuma vyake viling'olewa. Aendaye Bububu leo haoni kitu cha kumwambia kwamba hapa palipita treni. Angeambiwa na mzee, lakini wazee waliopanda treni ile wamekwisha kufa. Ushahidi uliobaki ni karatasi za kampuni na za serikali, na picha. Na picha zenyewe ni zile zilizopigwa kuuzwa kama kadi za posta kwa wageni waliotelemka melini. Waliozipiga walitafuta rupia. Hawakujua kwamba walikuwa wakiandika sura ya mwisho ya kitu kile.

Hilo ndilo jibu la pili kwa yule aulizaye kuna haja gani ya kupiga picha kitu kipitacho kila siku. Kipitacho kila siku ndicho kipoteacho bila mazishi. Siku ya kufungua reli hukosi picha: viongozi wapo, bendera zipo, kamera zipo mia. Siku ya kawaida, Jumanne ya mvua, mshika bendera akiwa amejikinga kwa mfuko wa nailoni na abiria wakigombea mlango, nani aliyepo? Historia ya reli hujaa sherehe mbili, ya kuzaliwa na ya kuzinduliwa upya, na baina yake pana jangwa la miaka isiyo na uso. Mtembezi mwenye kamera hupanda mti mmoja mmoja katika jangwa hilo.

Hata hivyo, sifa hii isimlevye. Wako watu wawili wenye haki ya kumsimamisha, na afadhali awasikilize.

Wa kwanza ni mlinzi. Katika miji mingi ya dunia stesheni, madaraja na karakana za reli huhesabiwa kuwa ni mahali pa kulindwa, na mtu mwenye kamera hutiliwa shaka. Mlinzi humwendea akamwuliza, "Ndugu, una kibali?" Wapenda picha wengi hukasirika kwa swali hili, wakaliona ni ujinga, maana kila kijana apitaye ana kamera ndani ya simu yake. Lakini mlinzi amekabidhiwa amana, na amana hairudishwi kwa kuulizwa vizuri. Adabu ni kuomba kabla ya kuulizwa. Upande wa pili, wakubwa wa mlinzi wana la kufikiri. Ukuta, silaha na kibali vyaweza kuilinda reli na mwizi wa vyuma. Haviwezi kuilinda na usahaulifu. Mji unaolikataza kila jicho utaamka siku moja hauna kumbukumbu ya mwili wake wenyewe, nao utakwenda kuomba picha zake kwa wageni.

Wa pili ni mtu anayepigwa picha, na hoja yake ni nzito zaidi. Mwaka 1938 mpiga picha wa Kimarekani, Walker Evans, alianza kushuka katika treni za chini ya ardhi za New York, kamera imefichwa ndani ya koti, jicho lake likichungulia baina ya vifungo. Aliwapiga picha abiria waliokaa mbele yake hata mwaka 1941, wala hawakujua. Nyuso zile ni za ajabu: hazikujipamba kwa ajili ya mtu yeyote, zimechoka, zinawaza, zimeachwa wazi kama nyumba ambayo mwenyewe ametoka. Evans alikaa na picha zile muda wa miaka kama ishirini na mitano kabla ya kuzitoa katika kitabu mwaka 1966. Wako wasemao kwamba pasipo hila ile ukweli ule usingepatikana. Wako wajibuo kwamba ukweli ulioibwa ni mali ya wizi, hata ukiwa mzuri. Kuchelewa kwake kwaonyesha kuwa mwenyewe naye aliusikia uzito wa hoja ya pili.

Kiswahili kina onyo lake katika jambo hili, nalo li wazi mno hata halisikiki. Picha hupigwa. Hupigwa kama ngoma, kama chapa, kama mhuri; lakini pia kama mtu. Kitendo kile kile cha kuinua mkono huwa salamu au huwa kofi, na aijuaye tofauti ni yule aliye mbele ya mkono.

Katika vituo vya treni za mjini hutokea mara kwa mara kwamba mama mmoja, ameketi juu ya furushi lake akingoja, huiona kamera imemwelekea. Hakimbii wala hagombi. Humwuliza kijana, "Mwanangu, picha hiyo waipeleka wapi?" Kijana hujibu kwamba anaiweka tu, kwa kumbukumbu. Mama hutafakari, kisha husema, "Na mimi nitaiona lini?"

Swali hili halina elimu ya darasani, lakini wanachuoni wangefanya vema kuliandika juu ya milango yao. Kwa muda wa karne moja na nusu watu wa Afrika Mashariki wamepigwa picha: wajenzi wa reli, wapagazi, wauza ndizi wa stesheni, watoto wa kando ya njia. Picha nyingi katika hizo zilipanda meli. Mkusanyo mmoja mashuhuri, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, umo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, karibu na Chicago. Umehifadhiwa vizuri, na picha zake zimewekwa katika intaneti, jambo la kushukuriwa. Lakini wale walioonekana ndani yake walikufa bila kujiona. Majina yao hayakuandikwa, kwa kuwa aliyezipiga hakuuliza. Chini ya picha pameandikwa jina la mtambo au la daraja. Mtu aliyesimama kando, ambaye pengine mikono yake ndiyo iliyolijenga, ametumika kama rula ya kuonyesha ukubwa wa chuma. Amepatwa na kinyume cha bahati ya mtu yule wa Paris: alitulia, akaonekana, na bado akafutika.

Basi kazi ya mtembezi wa reli ina masharti. La kwanza ni kuomba ruhusa kwa mwenye uso, na akikataa, kamera ishuke bila manung'uniko. Treni nyingine itakuja, lakini heshima iliyovunjwa haina ratiba. La pili ni kuandika: siku, saa, mahali, namba ya mtambo, na jina la mtu kama amelitoa kwa hiari yake. Picha isiyo na maneno ni yatima. Hupendwa kwa sura yake, lakini hakuna ajuaye ukoo wake. La tatu ni kurudisha. Aliyepigwa picha Buguruni apelekewe nakala yake Buguruni, na picha za stesheni zitundikwe mahali ambapo wasafiri wa stesheni waweza kuziona, badala ya kulala ndani ya sanduku la mpigaji na kuamka katika mji wa mbali.

Masharti haya yana gharama. Atakayeyafuata atapata picha chache kuliko mwenzake afichaye kamera, na nyingine nzuri zitampita mbele ya macho kama treni isiyosimama. Atatumia fedha kuchapisha nakala ambazo hatauza. Atarudi kituo kile kile mara tatu akimtafuta mama mwenye furushi, na huenda asimwone tena. Lakini akimwona, na karatasi ikapokewa kwa mikono miwili, ikatazamwa, ikacheka, ikaonyeshwa kwa jirani aliye juu ya benchi, hapo picha itakuwa imefika stesheni yake. Reli hupimwa kwa mambo mengi, kwa upana wake, kwa urefu wake, kwa uzito wa mizigo yake. Picha za reli zina kipimo kimoja, nacho ni kwamba wale waliosimama kando ya njia wamejiona ndani yake wakiwa hai.